Jiwe la Jikoni kwa Mama: Shajara ya Ukarabati, Kijitonyama

Jumamosi, 11 Januari

Meza ya zege imevunjwa leo. Ilijengwa pamoja na nyumba, kwenye viwanja vya Kijitonyama vilivyopimwa miaka ya 1970, na juu yake ilisakafiwa terazo ambayo siku nyingi ilikuwa imepasuka karibu na sinki. Maji yalipenya hadi kwenye nondo, kutu ikala nondo, zege likaanza kumeguka kutoka chini. Upande huo hapakuwa na cha kuokoa. Meza fupi ya uani imejengwa vilevile lakini haikuwahi kukaa na maji, na nimekataa isiguswe. Ni ya kinu cha vitunguu saumu na ya kupasulia nazi, tutaisugua upya baadaye.

Ndani patakuwa na makabati ya umbo la L yatakayofunikwa kwa bamba la jiwe: upande mrefu mita 3.2, upande wa dirishani mita 2.1, kina sentimita 60. Kimo tumekipata kwa kumsimamisha Mama ukutani na kupima kiwiko chake: sentimita 98. Tukishusha kumi, uso wa jiwe utakuwa 88. Meza ya zamani ilikuwa 76, na miaka yote hii mama yetu amekatia mboga akiwa ameinama.

Sharti lake ni moja: jiko liwe tayari kabla ya Ramadhani, yaani kabla Machi haijaingia.

Jumanne, 14 Januari

Seremala wa Keko ameanza makabati. Nimemweleza mapema kwamba yatabeba jiwe, si fomaika. Bamba la granaiti la milimita 20 lina kilo 54 hivi kwa mita ya mraba, la milimita 30 linapita kilo 80. Eneo letu ni mita za mraba 2.82, kwa hiyo hata tukichukua jembamba ni kilo 150 na zaidi kidogo. Uzito huo kabati zuri linaumudu kama mbao za pembeni zimesimama hadi sakafuni na mgongoni kuna mbao ya kukaza. Hatari kubwa ni makabati kutokuwa sawa: moja likishuka milimita chache, jiwe linabaki linaning'inia bila kitu chini yake, na siku mtu akiliegemea linakatika.

Ijumaa, 17 Januari

Kabla sijaenda kwenye maghala nilitaka tujue jiwe linakwenda kukutana na nini. Wauzaji huanza na rangi. Mimi naanza na ukwaju.

Jikoni kwa Mama ndimu hukatwa kila siku, na nusu ya ndimu hulazwa kifudifudi juu ya meza ikingojea samaki. Siki ya achari inamwagika. Bizari ya manjano haimwagiki peke yake, inakuja na mafuta, na mafuta ndiyo yanayoipeleka ndani ya kila kitundu. Karai la maandazi linatoka motoni na mafuta ya nyuzi 170 au 180 na linatua popote penye nafasi. Chapati zinasukumwa juu ya meza yenyewe. Kibao cha chapati, kwa maneno ya Mama, ni cha watoto wanaojifunza.

Halafu maji. Kisima chetu kina chumvi, kama visima vingi vya Dar. Kikombe kilichokauka bila kufutwa kinabaki na utando mweupe, na dawa yetu ya utando huo tangu zamani ni ndimu au siki. Hilo nimeliandika kwa herufi kubwa, kwa sababu linaamua mengi.

Wifi yangu anataka jeupe lenye mishipa ya kijivu. Amehifadhi picha zake kwenye simu na kwa kweli ni nzuri. Sikumkatalia. Nimemwambia tutaleta kipande nyumbani tukione.

Jumanne, 21 Januari

Leo nimezunguka maghala kando ya Barabara ya Nyerere. Sehemu kubwa ya mawe niliyoonyeshwa imetoka India na China. Lile jeusi lenye vimeta vya dhahabu, Black Galaxy, linachimbwa jimbo la Andhra Pradesh, India. Zipo nyeusi zisizo na vimeta pia, na nyeusi nzuri inajulikana kutoka Mutoko, Zimbabwe. Kijiolojia mengi ya hayo meusi si granaiti, ni miamba ya aina ya gabro au doleraiti. Yameshikana sana, kwa hiyo yakiwa halisi hunywa maji kidogo kuliko granaiti nyingi za rangi nyepesi.

Inauma kununua jiwe lililovuka bahari wakati Mwanza watu wamejenga nyumba juu ya miamba ya granaiti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na Dodoma na Iringa vilima vizima ni mwamba mtupu. Lakini kati ya mwamba na kaunta kuna misumeno ya almasi, mashine za kung'arisha na umeme usiokatika. Mwenye vitu hivyo ndiye anayeuza. Natamani nione siku jiwe la Mwanza likishushwa kwenye ghala hilihili.

Mambo niliyoshika leo: bamba litazamwe nje juani, si chini ya taa za ghala. Pitisha ukucha juu ya kila mstari. Ukiteleza bila kukwama, huo ni mshipa wa asili. Ukikwama, kuna ufa. Ligonge kwa kifundo cha kidole: jiwe zima linatoa mlio mkavu, lenye ufa linatoa mlio mfu. Zunguka nyuma yake pia. Ukikuta wavu wa nyuzi umegandishwa kwa gundi, ujue jiwe lilihitaji kushikiliwa ili lisafiri. Wavu wenyewe si kosa, ila bei isiwe ya jiwe lisilouhitaji.

Na bei. Mmoja anauza kwa mita ya mraba, jirani yake kwa mita ya urefu, na wa tatu anataja bei ya chini kabisa kisha anakuja kuhesabu upya tundu la sinki, tundu la jiko, kung'arisha ukingo, usafiri na kufunga. Niliwaomba wote wanipe jumla ya kazi iliyokamilika kwa michoro ileile. Baada ya hapo yule wa bei ya chini hakuwa wa chini tena.

Mwisho nikaomba mabaki. "Nipe vipande, kaka, nikavitese nyumbani." Akacheka, akanipa: marumaru nyeupe, granaiti ya kijivu yenye madoa, nyeusi ya bei rahisi na kwatzi ya kiwandani.

Jumamosi, 25 Januari

Vipande vinne vimekaa kwenye meza ya uani tangu juzi. Hakuna aliyeruhusiwa kuvisafisha.

Marumaru nyeupe. Nusu ya ndimu ilikaa muda wa kuchemsha chai tu. Tulipoinua, palikuwa na duara lisilong'aa, na ukipitisha kidole unahisi uso umebadilika. Marumaru ni kalisi, yaani kaboneti ya kalsiamu, na tindikali huila. Dawa ya kuziba vinyweleo inazuia rangi isizame, haizuii kuliwa. Wifi aliigusa mara kadhaa. "Ndimu tu, wifi?" Ndimu tu. Kisu nacho kiliacha mkwaruzo, maana kalisi iko kwenye 3 katika kipimo cha ugumu cha Mohs, na chuma cha kisu kinapita 5. Mama alitoa hukumu bila hasira: "Hilo jiwe zuri. Liende sebuleni." Wapo wanaoliweka jikoni wakazipenda alama zake kama kumbukumbu za mapishi, na kwa jiko lao ni sawa. Kwetu, ambako utando wa chumvi unasuguliwa kwa ndimu, tungekuwa tunaliharibu kwa kulisafisha.

Nyeusi ya bei rahisi. Ndimu haikufanya kitu. Nilichukua kitambaa cheupe, nikatia asetoni ya kufutia rangi ya kucha, nikasugua. Kitambaa kikatoka cheusi. Jiwe la kijivu limepakwa rangi liuzwe kwa bei ya jeusi, na baada ya muda rangi ingefifia pale pale tunapofuta kila siku. Jaribio hili halina gharama, na ninamsihi kila anayenunua jiwe jeusi alifanye mbele ya muuzaji. Hata hivyo nyeusi halisi nayo nimeiweka kando: matone ya kisima yaliyokaukia juu yake yanaonekana kutoka mlangoni.

Kwatzi ya kiwandani. Ndimu, bizari, mafuta: hakuna kilichoingia. Kisha tukaweka karai lililotoka motoni. Lilipoinuliwa, lilikuwa limeacha duara la manjano lisilofutika. Ni mchanga wa kwatzi, kwa kawaida asilimia 90 hivi, ulioshikwa kwa resini, na resini ni plastiki. Kwatzi yenyewe haina shida na karai, plastiki ndiyo inayoungua, hata kwenye nyuzi 150.

Granaiti ya kijivu. Ndimu haikuigusa. Kisu kiliteleza kikaacha mstari wa chuma uliofutika kwa kidole. Karai lilikaa likapoa juu yake, hakuna alama. Tone la maji liliacha kivuli kilichokauka baadaye, maana yake inakunywa kidogo na itahitaji dawa. Bizari na mafuta ya usiku kucha iliacha umanjano hafifu. Tukaupaka uji mzito wa magadi soda na maji, tukaufunika kwa nailoni, na asubuhi umanjano ulikuwa umetoka. Utando wa chumvi upo kama kawaida, ila kati ya madoa ya kijivu na nyeupe hauonekani mpaka uutafute.

Jumanne, 28 Januari

Wifi aliuliza kama kwatzi haiwezi kubaki upande wa dirishani, mbali na moto, kwa sababu ipo inayofanana kabisa na picha zake. Swali la haki, na nililifikiria kwa siku mbili. Dirisha hilo linapigwa na jua la mchana, na resini nyingi hugeuka manjano juani. Hilo ni la jiwe. Lililoniamulia zaidi linahusu watu wanaolikata.

Vumbi la kwatzi ni silika. Chembe zake ndogo kuliko unavyoweza kuona huingia mapafuni, hukaa humo na kuacha makovu. Ugonjwa unaitwa silikosisi, hauna tiba, na kwenye viwanda vya kukata kwatzi umewakuta vijana waliofanya kazi miaka michache tu. Australia ilipiga marufuku jiwe hili la kiwandani kuanzia tarehe 1 Julai 2024, nchi ya kwanza kufanya hivyo. Granaiti nayo ina silika ya aina hiyo, mara nyingi chini ya nusu ya jiwe, kwa hiyo vumbi lake si salama. Tofauti ni ya kiasi, na kiasi hicho kinaishia ndani ya kifua cha kijana aliyefunga kitambaa puani akidhani kinamsaidia.

Nimeshawaona wanavyokata pembezoni mwa barabara, grainda kavu, wingu jeupe, watoto wa shule wanapita katikati yake. Sitaki jiko la Mama litoke kwenye wingu hilo. Kwa hiyo mkataba wetu utakuwa na sharti: kukata na kung'arisha kwa maji, kila tundu, kila ukingo, hata marekebisho ya mwisho hapa nyumbani. Fundi aliyekuwa na bei nafuu alisema maji yanamchelewesha. Tumempa kazi mwingine, ambaye mashine yake ina bomba la maji na ambaye hakuhitaji kuelezwa sababu.

Granaiti ya kijivu, basi. Wifi amekubali, na vigae vyeupe vya ukutani atavichagua yeye peke yake.

Jumamosi, 1 Februari

Bamba limechaguliwa. Mita 2.8 kwa 1.6, milimita 20. Kaka naye alikuja, akaligonga kila pembe mpaka mwenye ghala akamletea kiti.

Ukuta mrefu ni mita 3.2 na bamba ni 2.8, hivyo kwa kuangalia haraka tungehitaji viungo viwili. Fundi alichora chini kwa chaki. Upande wa dirishani uende kamili hadi ukutani, mita 2.1, uchukue pembe. Upande mrefu uanzie hapo, na 3.2 ukitoa 0.6 unabaki na 2.6, unaoingia ndani ya bamba. Kiungo kimoja tu, penye pembe, mbali na sinki na mbali na jiko la gesi. Vipande viwili vya upana wa 60 vinakula mita 1.2, unabaki ukanda wa sentimita 40 kasoro unene wa msumeno. Kutoka humo tunapata vipande vya sentimita 10 vya kusimama ukutani kuzuia maji, na kinachobaki kitakuwa kizingiti cha dirisha. Nilisimama nikiutazama mchoro ule kwa furaha. Hakuna jiwe linalotupwa.

Tumesaini pembeni mwa bamba kwa kalamu ya rangi, ili likatwe hilohilo tulilolichagua na lisije jirani yake.

Alhamisi, 6 Februari

Makabati yamefungwa na kukazwa ukutani. Pima maji imelala sawa kila upande. Seremala aliweka vipande vya mbao chini ya miguu miwili, sakafu ya zamani imezama kidogo karibu na mlango.

Fundi hakupima kwa futikamba peke yake. Alianza na pembe: akaweka alama sentimita 60 ukuta mmoja, 80 ukuta wa pili, akapima kati ya alama hizo. Pembe ikiwa mraba utapata 100 kamili. Tulipata 100.4. Milimita nne zinaonekana si kitu, lakini ukizifuata hadi mwisho wa upande wa mita 2.1 zinakuwa pengo la karibu sentimita 2 kati ya jiwe na ukuta. Akakata hadibodi kwa umbo halisi la kuta, akaiandika juu, chini, mbele, sinki, na hiyo ndiyo itakayolazwa juu ya jiwe.

Sinki litafungwa chini ya jiwe ili Mama aweze kufuta maji na makombo moja kwa moja ndani yake. Nimeomba libebwe na fremu ya mbao ndani ya kabati. Gundi izuie maji tu, isibebe sinki lililojaa masufuria.

Jumanne, 11 Februari

Nilikwenda karakana kuangalia ukataji. Maji yalikuwa yanatiririka juu ya msumeno, tope la kijivu sakafuni, hewani hakuna kitu. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia jiwe lenyewe.

Tundu la sinki lilianzia kwenye pembe nne. Alitoboa duara kila pembe kwanza, halafu akaunganisha kwa msumeno. Pembe iliyokatwa kali ndipo ufa unapoanzia, na ukanda ule mwembamba mbele ya sinki ndio sehemu dhaifu kuliko zote. Ukingo wa mbele tumeuzungusha. Ncha kali humeguka ikigongwa na sufuria. Chini ya ukingo amechimba mfereji mwembamba kwa urefu wote, maji yanayomwagika yadondokee sakafuni badala ya kurudi nyuma kuingia kwenye milango ya makabati. Kitu kidogo, lakini kingekuwepo kwenye meza ya zamani nondo zingepona.

Jumamosi, 15 Februari

Limefungwa. Vipande vililetwa vikiwa vimesimama kwa ubavu, vimeegemezwa kwenye fremu ya mbao ndani ya kirikuu, na vikabebwa hivyohivyo hadi ndani. Jiwe refu lenye tundu ukilibeba likiwa limelala linakatika kwa uzito wake lenyewe. Watu wanne kwa kipande kirefu. Mama alisimama barazani akisoma dua kimyakimya mpaka lilipotua.

Vidonge vya silikoni juu ya makabati, epoksi ya rangi ya jiwe kwenye kiungo, nafasi ya milimita 3 ukutani iliyojazwa silikoni. Kona ilikaa kama hadibodi ilivyosema. Sehemu moja karibu na bomba ilihitaji kupunguzwa, na kijana alitoka nje na mashine na ndoo ya maji bila kukumbushwa.

Sinki lisiguswe hadi kesho.

Jumanne, 18 Februari

Dawa ya kuziba vinyweleo imepakwa leo: jiwe kavu kabisa, paka, subiri kama kopo linavyoelekeza, futa yote kabla haijakauka juu. Ikikaukia juu inaacha ukungu unaosumbua kutoa. Jioni nilijaribu tone la maji na lilibaki limejikusanya, halikuacha kivuli. Siku tone litakapoanza kuacha kivuli ndiyo siku ya kupaka tena, hakuna haja ya kufuata kalenda.

Kwa wanaojipanga kwa kazi kama hii: kusafisha kila siku ni maji, sabuni kidogo ya vyombo na kufuta likauke. Hapa kwetu kufuta likauke ndiko muhimu kuliko sabuni, kwa sababu ya chumvi. Ndimu inaruhusiwa kwenye utando, isuuzwe mara moja.

Mama amesukuma chapati za kwanza. Anasema jiwe ni baridi, unga haushiki, na unga wa kunyunyizia umepungua. Wifi ameleta vigae vyake, vyeupe, vyenye mshipa mwembamba wa kijivu, na vinapendeza sana na jiwe. Fundi wa vigae anaanza Alhamisi.

Fundi wa jiwe amelipwa sehemu yake ya mwisho. Bado kizingiti cha dirisha, ambacho atakifunga vigae vikishakauka, na terazo ya uani, itakayosuguliwa baada ya Idi.